Nta, Fedha na Mawe ya Reims

Kazi ya kulipiga picha kanisa kuu la Reims mwaka 1851 ilianzia mezani, mbali na kanisa lenyewe, kwa karatasi nyembamba, nta nyeupe ya nyuki na pasi. Henri Le Secq, mchoraji wa Paris aliyezaliwa mwaka 1818, alikuwa amejifunza njia hiyo kwa rafiki yake Gustave Le Gray. Le Gray naye alikuwa mchoraji, na wote wawili walipita mikononi mwa mwalimu mmoja, Paul Delaroche. Mtu aliyezoea kusubiri rangi ya mafuta ikauke haoni tabu kusubiri mambo mengine, na kazi hii ilikuwa na mengi ya kusubiriwa.

Kwanza karatasi. Fundi anaichukua moja moja, anaiinua mbele ya dirisha na kuikagua. Chembe ya chuma iliyonaswa kiwandani, ndogo kama ncha ya sindano, baadaye itakuwa doa katikati ya uso wa mtakatifu. Karatasi yenye doa inatupwa, na yenye uzi mnene upande mmoja inatupwa pia. Zinazobaki zinawekwa alama ya penseli pembeni, ili usiku, kwenye mwanga hafifu, asisahau upande ulio laini.

Kisha nta. Inayeyushwa kwenye bamba linalopashwa moto kwa maji yanayochemka, na karatasi inalazwa juu yake mpaka inywe. Mwanga unaanza kupita, kama gazeti lililofungiwa maandazi ya moto. Lakini nta iliyozidi ni adui, kwa hiyo karatasi inawekwa kati ya karatasi nyingine za kunyonya na kupigwa pasi taratibu. Moto ukizidi, nta inatoka yote na nyuzi zinabaki wazi. Ukipungua, panabaki sehemu zinazometameta, na dawa haitaingia hapo. Fundi anaiinamisha karatasi kwenye mwanga kutafuta mng’ao, akiuona anairudisha chini ya pasi.

Baada ya nta inafuata dawa ya kwanza, na hapa mpishi yeyote angejisikia nyumbani: maji yaliyochemshiwa mchele, sukari ya maziwa, na chumvi za iodini. Karatasi zinazamishwa humo, mapovu yanaondolewa kwa brashi laini, kisha zinatundikwa kwa pembe moja zikauke. Wanga wa mchele ukikutana na iodini huleta rangi ya zambarau, kwa hiyo kamba inajaa karatasi zenye rangi ya kufifia, ambazo bado haziujui mwanga. Unaweza kuziacha sebuleni mchana kutwa zisidhurike.

Uhai wa karatasi unatoka kwenye dawa ya pili: nitrati ya fedha na asidi kidogo, gizani, kwa mshumaa tu. Karatasi ikiingia humo zambarau inaondoka na weupe unaingia, na mabadiliko hayo ndiyo saa ya fundi; rangi ikishabadilika sawasawa anaitoa, anaisuuza kwa maji safi, anaikausha kati ya karatasi za kunyonya. Sasa ina uwezo wa kuona, na ubora wa njia ya Le Gray ni kwamba itaendelea kuona kwa siku kadhaa. Mwaka huohuo wa 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kolodioni juu ya kioo, iliyokuwa kali na ya haraka zaidi, lakini kioo hicho kilitakiwa kipakwe, kipigwe na kusafishwa kabla hakijakauka. Mpiga picha wa kioo alisafiri na hema la giza na mzigo wa chupa. Wa karatasi alifanya kazi usiku nyumba ya wageni, asubuhi akatoka na kamera, stendi na mkoba.

Na Le Secq alikuwa na safari ndefu. Tume ya serikali ya Ufaransa iliyosimamia majengo ya kihistoria, ambamo mwandishi Prosper Mérimée alikuwa mkaguzi mkuu, ilikuwa imechagua watu watano wakapige picha za makanisa, madaraja na ngome zilizohitaji ukarabati: Édouard Baldus, Hippolyte Bayard, Gustave Le Gray, Auguste Mestral na yeye. Alipangiwa upande wa mashariki, Champagne, Alsace na Lorraine, kwa hiyo Reims na Strasbourg zilikuwa zake. Tume haikutafuta picha za kupendeza. Ilitaka kujua jiwe gani limepasuka.

Jengo ni mhusika mtulivu, hakuna asiyejua. Lakini utulivu wake una masharti. Kamera ikielekezwa juu ili kukishika kilele cha mnara, kuta zinaanza kuegemeana, na mkaguzi aliye Paris atadhani kanisa linaanguka. Kamera lazima isimame wima kabisa. Hapo fundi ana njia mbili: kuipandisha lenzi ndani ya fremu yake huku mwili wa kamera ukibaki sawa, au kupanda yeye mwenyewe, kwenye jukwaa la waashi au dirisha la jirani aliyekubali. Le Secq hakuogopa kupanda. Picha inayomwonyesha yeye mwenyewe, iliyopigwa na mwenzake Charles Nègre mwaka 1853, inamkuta juu ya mnara wa Notre-Dame jijini Paris, amevaa kofia ndefu, pembeni ya sanamu la jitu lenye pembe lililoegemeza kidevu mikononi.

Chini ya kitambaa cheusi anaona kanisa kichwa chini, miguu juu, likitetemeka kidogo kwenye kioo cha ukungu. Anasogeza lenzi mbele na nyuma mpaka ukingo wa jiwe ukate. Halafu hafanyi kitu. Anangoja jua.

Kungoja huko ndiko ninakokuheshimu kuliko yote. Jua la saa sita linaangukia nakshi kwa juu na kuzilaza. Sanamu zinakuwa mabaka. Jua la ubavu linaingia chini ya kila kidole na kila mkunjo wa nguo ya jiwe na kuuchora kwa kivuli. Mpiga picha anahitaji dakika fulani za siku, na kwa ukuta unaoelekea kaskazini huenda zisipatikane kabisa, hapo anaomba wingu jembamba la kutawanya mwanga. Katika picha zake za sanamu za Reims na za Chartres, Le Secq aliacha vivuli vizame mpaka vikawa vyeusi kabisa. Wenzake wengine wangeliona hilo kosa, kwa kuwa ndani ya weusi hakuna jiwe la kukagua. Mimi naona ni jicho la mchoraji: sanamu inasimama kwa sababu nyuma yake pana shimo.

Mfuniko wa lenzi unatolewa, na dakika zinahesabiwa. Mtu anayekatiza uwanjani hataonekana. Mkokoteni uliosimama dakika mbili kisha ukaondoka utabaki kama moshi. Mfuniko unarudishwa, na ndani ya kamera kuna karatasi ambayo kwa macho haijabadilika hata kidogo.

Usiku inalazwa ndani ya trei yenye asidi ya galiki iliyotiwa matone ya nitrati ya fedha. Picha inajitokeza kwa saa nyingi, pengine mpaka alfajiri, na fundi anaamka kuiangalia. Anga linatangulia, kwa kuwa karatasi hizi zilikuwa nyepesi mno kuathiriwa na rangi ya buluu. Kila kilicho cha angani kilijaa mapema na kuwa cheusi, tena kwa mabaka. Ndiyo maana mafundi wengi walichukua wino na kulipaka anga lote kwenye negativu, yaani karatasi hiyo ambamo mwanga hutoka mweusi na giza jeupe, wakifuata ukingo wa paa kwa brashi nyembamba, ili kwenye picha litoke jeupe safi. Ukiitazama kwa karibu picha ya kanisa ya miaka hiyo, mara nyingine utauona mkono huo: nguzo ndogo ya kileleni imeliwa kidogo na wino, au msalaba umenenepa.

Baldus alikwenda mbali zaidi. Huko Arles, ndani ya ua wa matao wa Saint-Trophime, hakuna lenzi iliyoweza kushika kwa pamoja nguzo iliyo karibu, dari na bustani yenye jua. Akapiga kipande kwa kipande, kila kimoja kwa ukali wake na mwanga wake, kisha akazikata negativu zipatazo kumi, akaziunganisha kwa kufuata mistari ya mawe, na palipokosa jiwe akalichora. Anayeiangalia picha hiyo anasimama ndani ya mahali ambapo jicho la kamera halikuwahi kusimama. Sioni udanganyifu humo. Ni uashi.

Negativu ikishaoshwa na kukaushwa inasogezwa karibu na moto, nta inayeyuka tena ndani ya nyuzi, na uwazi unarudi. Kisha kuchapa. Karatasi nyingine inalowekwa maji ya chumvi, inakaushwa, inapakwa nitrati ya fedha na kukaushwa tena gizani. Inagusanishwa na negativu ndani ya fremu ya kioo na kutolewa juani. Hakuna kukuza hapa: picha ni ya ukubwa uleule wa negativu, ndiyo maana kamera zao zilikuwa kubwa kama sanduku la nguo. Mgongo wa fremu una bawaba katikati, kwa hiyo fundi anafungua nusu moja na kuchungulia huku nusu nyingine ikiwa imebanwa isihame. Rangi inapanda kutoka waridi hadi hudhurungi hadi zambarau iliyokolea. Anaiacha ipitilize, kwa sababu dawa inayofuata itaipausha.

Dawa hiyo ni chumvi ya sodiamu ambayo mafundi waliifupisha wakaiita hipo. Inayeyusha fedha yote ambayo mwanga haukuigusa. Bila hiyo picha ingeendelea kuwa nyeusi kila inapotolewa. Walioweza walitia pia dhahabu, kloridi ya dhahabu ndani ya maji, ambayo inaifunika fedha na kuipa rangi ya baridi na ulinzi. Baada ya hapo kilichobaki ni maji.

Na hapa kazi nyingi nzuri ziliharibikia. Kuosha picha kunachosha na hakuonyeshi chochote. Picha iliyooshwa nusu saa na iliyooshwa siku nzima zinafanana siku ya kwanza, na mwaka wa kwanza pia. Lakini hipo iliyobaki ndani ya nyuzi ina salfa, na salfa na fedha hazikai pamoja salama. Polepole fedha inageuka salfidi: weusi unakuwa kahawia, kahawia inakuwa njano, na njano inachujuka. Hipo iliyotumika mara nyingi ni mbaya zaidi, maana inaacha ndani ya karatasi mchanganyiko wa fedha usiokubali kutoka kwa maji. Fundi bahili aliyeokoa chupa moja ya dawa anajulikana leo kwa rangi ya picha zake.

Mfano wa hadharani ulishatokea. Mwaka 1846 William Henry Fox Talbot, aliyevumbua njia ya negativu na chapa, alitoa picha halisi zaidi ya 6,000 zibandikwe ndani ya toleo moja la gazeti la sanaa la London, ili wasomaji wajionee uvumbuzi wake. Kazi ya kuchapa na kuosha kiasi hicho ilifanywa kwa haraka mno. Wasomaji walijionea kweli: nyingi zilififia mikononi mwao. Mwaka 1855 chama cha wapiga picha cha London kiliunda kamati ya kuchunguza kufifia, na Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, akachangia pauni 50. Kamati iliitaja hipo isiyooshwa kuwa chanzo kikubwa, ikataja unyevu na salfa ya hewani, ambayo London ya makaa ya mawe ilikuwa nayo tele, na ikapendekeza dhahabu.

Ichukue mkononi, kwa pembe, picha moja ya namna hiyo iliyozeeka. Ukingo umechujuka kabla ya katikati, kwa sababu hewa iliingia kutoka pembeni mwa albamu. Palipopakwa gundi mbaya pana baka lenye umbo la brashi, na ukiligeuza jani utaliona baka lilelile kwa nyuma. Kidole cha mtu aliyeishika akiwa na hipo mkononi kimebaki kama muhuri wa njano. Halafu angalia kilichopotea. Vivuli vizito bado vipo, mlango bado mweusi, tao bado lina kina. Kilichoondoka ni vitu vyepesi: mistari kati ya jiwe na jiwe kwenye ukuta wenye jua, mkunjo wa mwisho wa vazi la mtakatifu, wingu. Sehemu angavu zimejengwa kwa chembe chache na ndogo za fedha, na hizo ndizo zinazoliwa kwanza.

Wapo wanaoipenda njano hiyo na kuiita joto la zamani. Siku hizi simu ina kitufe cha kuitia kwenye picha ya jana. Mimi siwezi kuwafuata. Picha iliyotiwa dhahabu vizuri na kuoshwa vizuri mwaka 1853 bado ina zambarau yake na weupe wake, na ukiiweka kando ya ile ya njano utajua ni ipi fundi angeitambua kuwa yake.

Le Secq mwenyewe aliogopa. Aliacha kupiga picha katikati ya miaka ya 1850 akageukia mapenzi mengine, kukusanya vyuma vya zamani: funguo, makufuli, bawaba, vitasa. Mkusanyo huo sasa unajaza kanisa la zamani la Saint-Laurent huko Rouen, na ni makumbusho yenye jina lake. Lakini negativu zake alizitunza, na miaka ya 1870, alipoona picha za wakati wake zikififia, alizitoa na kuzichapa upya kwa njia isiyotumia fedha hata chembe. Ilikuwa imevumbuliwa na John Herschel mwaka 1842: chumvi mbili za chuma zinapakwa kwenye karatasi, zinawekwa juani chini ya negativu, kisha zinaoshwa kwa maji matupu. Hakuna hipo. Kinachobaki ni buluu ya Prussia. Ofisi za wahandisi baadaye zilichapa ramani zao za ujenzi kwa kemia hiyohiyo.

Kwa hiyo tunayo makanisa ya Le Secq kwa rangi ya bahari ya kina kirefu. Vile vivuli alivyoviacha vizame vimekuwa buluu iliyo karibu na nyeusi, na nguo za watakatifu zinatoka humo hatua kwa hatua hadi kwenye weupe wa karatasi. Buluu hiyo nayo ina udhaifu wake, jua kali huipausha, ingawa ikirudishwa gizani hurudi kwa kiasi. Kinachonisumbua kidogo ni kwamba aliziandika tarehe za negativu, si za chapa, na wanaozikusanya wamelazimika kupambanua. Kwake pengine kazi ilikuwa ni ile ya siku aliyosimama mbele ya jiwe.

Tume nayo ilipopokea picha za watu wake watano, zaidi ya 250, haikuzichapisha. Iliziweka kwenye droo. Wapiga picha walilalamika, na walikuwa na haki. Septemba 1914 mizinga ya Wajerumani ililipiga kanisa la Reims, jukwaa la mbao lililokuwa kwenye mnara likashika moto, na sanamu nyingi zikapasuka kwa joto. Picha zilizopigwa kabla ya hapo zikawa shahidi.

Karatasi ya chumvi ya kuchapia haikudumu sokoni. Iliyotawala kwa miongo kadhaa ni karatasi ya ute wa yai, aliyoitangaza Louis Désiré Blanquart-Evrard mwaka 1850: ute unapigwa na chumvi mpaka uwe povu, unaachwa utulie, na karatasi inalazwa juu yake upande mmoja tu. Picha haizami tena ndani ya nyuzi, inakaa juu, kali na yenye kung’aa. Kiwanda kimoja kikubwa cha Dresden kilitumia mayai zaidi ya milioni sita mwaka 1888. Na ute una uzee wake: protini na sukari iliyomo ndani yake huungana polepole na kuleta umanjano katika sehemu nyeupe, unyevu na joto huharakisha, na uso hupata nyufa nyembamba zinazoonekana ukiinamisha picha kwenye mwanga.

Joto na unyevu, hayo ni mambo ya pwani yetu. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulipigwa picha na studio za Wagoa, ya A. C. Gomes na ya ndugu wa Coutinho miongoni mwao, na watalii wa meli wakazinunua mandhari hizo. Ziweke mbele yako baada ya kujua kinacholiwa kwanza, na utaona kwa nini mji wa mawe ulimpa fundi kazi ngumu kuliko Reims. Kuta zake ni matumbawe yaliyopakwa chokaa nyeupe chini ya jua la ikweta. Karibu kila kilichomo, mapambo ya chokaa, meno ya ukingo wa paa, mashubaka, kimeandikwa kwa zile chembe chache za fedha. Picha ikififia, ukuta unageuka karatasi tupu ya njano, na kinachobaki kimesimama ni mlango wa nakshi, mbao za madirisha, kivuli chini ya roshani.

Hata hivyo hata iliyochakaa inasomeka. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa na mnara wenye saa na taa ukisimama peke yake mbele yake, upande wa bahari. Manowari za Waingereza ziliupiga tarehe 27 Agosti 1896, ukabomolewa, na jumba lilipokarabatiwa mwaka uliofuata likajengewa mnara usoni pake. Sehemu ya jumba hilo, na mnara huo wa pili pamoja nayo, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Katika picha za kabla ya 1896 zilizofifia sana, mapambo ya ukutani yameshapotea, lakini kivuli cha veranda bado kinahesabika ghorofa kwa ghorofa, na mnara wa kwanza, kwa kuwa unakata anga, bado una ukingo. Anayezipanga picha hizo kwa miaka huanza na mnara: ukiwa mbele ya jumba na umejitenga nalo, picha ni ya kabla ya mizinga, ukiwa usoni mwa jumba, ni ya 1897 au baadaye.